Mama Mkwe Hakuwemo Kwenye Makubaliano

Watu waliposikia tunaachana kwa maelewano, walidhani tumerudiana. Dada yangu alinipigia simu kutoka Rabai kunipongeza. Nikamweleza kwamba maelewano yenyewe ni ya kuachana. Akasema afadhali, Mungu ni mwema, akakata simu akiwa na furaha zake.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mmoja wetu angekuwa na wakili wake, lakini sote wanne tungekaa meza moja mpaka tukubaliane juu ya watoto na mali, kisha mahakama iletewe kitu kilichokwisha. Tulitia sahihi kwamba hakuna atakayekimbilia kesi. Atakayekimbilia, mawakili wote wawili wanajitoa na tunaanza upya na wengine, gharama juu ya gharama. Hilo ndilo lililotutia adabu.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Malindi. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, na kwa miaka mingi huko ndiko alikokuwa na maisha yake, na mtu wake. Mimi sikutaka kesi. Nilitaka kupumzika.

Watoto hawakutusumbua: wakae nami, likizo waende kwa baba yao, karo tugawane. Yeye alichukua shamba la minazi la Takaungu, mimi nikabaki na nyumba pamoja na mkopo wake. Tulichokwama nacho ni tangi la maji. Alilitaka alipeleke Gongoni, kwa kuwa maji ya huko yana chumvi. Mchana mzima watu wanne waliosoma tulijadili tangi, mpaka wakili wake, mzee mwenye subira, akamwambia kwa upole kwamba tangi limejengewa ukuta, na kulitoa ni kubomoa bafu la watoto wake.

Tulipodhani tumemaliza, wakili wangu akauliza, kama mtu anayefunga mkoba, "Kuna mtu mwingine anayeishi humo nyumbani?"

Tukatazamana.

"Mama yangu," mume wangu akasema.

"Anahama lini?"

"Bado hatujamwambia."

Mama mkwe alikuja kwetu nilipojifungua mtoto wa kwanza, akasema atakaa mpaka kitovu kidondoke. Mtoto huyo sasa ananipita urefu. Nani wa kumwambia? Mume wangu alisema mimi, kwa kuwa ndimi ninayeishi naye. Nikamjibu kwamba hakunizaa mimi. Tukabishana kwa simu wiki nzima, na mwishowe tukamwendea pamoja Jumamosi asubuhi. Tulimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Leo mmekuja wawili. Nani amekufa?"

Mume wangu akaeleza. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema hakuna ugomvi, kila kitu kimegawanywa, na amemtafutia chumba kizuri Gongoni, karibu na barabara. Mama aliendelea kupeta.

"Kwa hivyo ninyi mmeachana."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimeachana na nani?"

Akaweka ungo chini.

"Kanisa langu liko hapa. Daktari wangu wa presha yuko hapa. Wajukuu wangu wako hapa. Huko kwenye chumvi nikafanye nini, nikakaushwe?"

Tukarudi kwa mawakili. Wakili wangu alipekua karatasi zake akakiri kwamba mama mkwe si mali ya kugawanywa wala si mtoto wa kupangiwa malezi, na hajui amwandike wapi. Nilitamani kucheka, ila nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya kikao hicho, na mwalimu mkuu hakuniachia kwa moyo mweupe.

Habari zikafika kwa ami zake mume wangu. Wakaja watatu na mabegi, wakakaa sebuleni kwangu. Walisema ni aibu mke wa ndugu yao kulishwa na mwanamke ambaye si wao tena. Kutoka hapo wakaingia kwenye mahari: kama ndoa imevunjika, mahari yarudi. Nilipompigia kaka yangu, akasema mbuzi wale waliliwa zamani na yeye hana habari zao. Mume wangu, aliyekuja nao, alikuwa ameinamia kikombe chake. Nilichoka kiasi cha kutaka kuwaachia nyumba wote, na tangi lao.

Ndipo mama mkwe akatoka chumbani na fimbo yake. Hakuketi.

"Nilipolazwa hospitali," akawaambia, "ni nani kati yenu aliyeniogesha?"

Akaninyooshea fimbo.

"Aliyeniogesha ni huyu. Mahari yenu yamekwisha kurudi. Kama mmemaliza chai, safari njema."

Walimaliza chai. Kisha wakaondoka, wakinung'unika mpaka getini.

Mawakili wakaandika kifungu chake peke yake: mama atakaa chumbani mwake muda apendao, mwanawe atatoa ya chakula na dawa, na atakuja kumwona kila Jumapili. Nikatia sahihi bila kufikiria hilo neno Jumapili maana yake nini. Nilipokuwa mke wake, ningeweza kupitisha miezi bila kumwona. Sasa kila wiki yumo. Anakula, anakaza bawaba za mlango, ananiuliza kwa nini nyasi zimekuwa ndefu. Mama ananiagiza ninunue samaki kwa kuwa mwanawe anakuja. Nilipokataa, alimnunua mwenyewe, akampika, akanitengea sahani kubwa kuliko ya mwanawe, na nikala kwa hasira.

Hati ya talaka ilipotoka, nilimsomea mama kwa sauti, maana macho yake hayaoni vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mimi nikuite nani?"

"Niite ulivyokuwa ukiniita, mama."

"Haya. Basi mwanangu, nipashie chai, hii imepoa."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeketi. Nikainuka.