Hakuna wa Kumwamkia Mwenzake

Nilirudi kijijini kwetu Dirma likizo ile nikiwa na sapu ya hisabati, mtihani wa kurudia. Nikiifeli nayo, nadisko, nafukuzwa chuo, narudi kushika jembe. Na majirani ningewatazama kwa uso gani?

Kilichoniangusha ni mada ya mpangilio usio kamili. Mhadhiri alisema vitu vinaweza kupangwa, na bado vikawepo viwili ambavyo hakuna kilicho juu ya kingine, wala havilingani. Niliona ni upuuzi. Kwetu kila mtu ana mahali pake, na shikamoo ndiyo inayopanga.

Isipokuwa mimi na mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, kitinda mimba wa bibi, na mimi nilimtangulia kuzaliwa. Alidai shikamoo kwa kuwa kiukoo ni mama yangu. Mimi nilidai kwa kuwa nimekula chumvi nyingi kuliko yeye. Tuligoma wote, na tangu utotoni tulipitana kimya.

Jumapili ya kipaimara cha mdogo wangu, ndugu walijaa nyumbani. Mama alimwamkia bibi. Mimi na mama mdogo tukamwamkia mama, kisha bibi. Halafu tukabaki tunatazamana mbele ya wageni, sahani mkononi, mpaka bibi akachoka.

"Nyie wawili hakuna wa kumwamkia mwenzake. Ulizaneni habari tu, mle. Chakula kinapoa."

"Habari," nikasema shingo upande.

"Nzuri. Za chuo?"

Chuo! Ile mada ikanijia. Niliweka sahani chini, nikaokota kijiti, nikachora uani: bibi juu, mama chini yake, kisha mistari miwili, mmoja unashuka kwangu, mwingine kwa mama mdogo. Kati yetu hakuna mstari. Unayemwamkia lazima akuzidi umri na asiwe chini yako kiukoo. Mimi nilikuwa na umri, yeye ukoo. Furaha ilinijaa nikacheka peke yangu. Wageni walidhani masomo yamenipanda kichwani.

Kwenye mtihani niliichora familia yangu, nikaweka herufi badala ya watu. Nilipofaulu, nilimpigia simu mama mdogo kwanza, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo nani yuko juu?" akauliza.

"Hakuna."

"Sasa miaka yote hiyo tulinuniana nini?"

Nikaanza kucheka, naye akacheka.

"Njoo," akasema. "Nimeletewa samaki wa Ziwa Basotu, na sipendi kula peke yangu."