Punje za Kabichi

Mdogo wangu alianguka kifudifudi kitaluni, mate yakimtoka kama ng'ombe mgonjwa. Nilipomgeuza, kwenye ncha ya kidole chake zilikuwa zimenata punje tatu za buluu. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama punje zenyewe. Na mimi macho yalishaanza kuona ukungu.

Asubuhi hiyo nilikwenda dukani, hapahapa Shume. Sisi nyumbani mbegu ni ya viazi, kitu cha kujaza mkono. Ile ya kabichi, kiduara kinachopotea kwenye mikunjo ya kiganja, tunaiita punje. Nikamwambia mwenye duka, "Naomba punje za kabichi."

"Za kabichi zipo, mama."

Akachota kwa kijiko kwenye ndoo, akanifungia kwenye kipande cha gazeti. Kumbe kwake punje ni dawa ya sota, wale wadudu wanaokata miche. Rangi haikunitisha, maana mbegu za siku hizi nazo hupakwa rangi.

Kusia kwetu unalamba kidole, unagusa, inanata moja, unaiweka kwenye mstari. Mama ndiye aliyetufundisha. Mimi nilikuwa nachora mistari kwa kijiti, nikalamba mara mbili tu. Mdogo wangu alikuwa anasia harakaharaka kuiwahi mvua.

"Dada, kwa mwendo wako huo kabichi tutazilia mbinguni."

Kisha akasema, "Hizi za leo chungu."

Nikamjibu, "Wewe lamba, nani kakwambia uonje?"

Hatukumfikisha hospitali. Mimi nilipona, ila mikono haikupona. Kikombe cha chai nakishika kwa yote miwili.  Nikimwona jirani analamba kidole namkaripia, hata nikijua ni mbegu.

Mwenye duka alisema mbele ya watu msibani, "Aliomba punje, nikampa punje." Ndoo ipo palepale dukani, haina maandishi. Bwana shamba huegesha pikipiki mlangoni pale, anakunywa soda yake, anaitazama.

Kwa nini sikuuliza? Hilo ni langu, nitalijibu. Lakini wewe wa dukani ulijua ni sumu, mbona mdomo wako uliiita punje? Nawe bwana shamba, ndoo uliiona. Njooni nyumbani mumwambie mama, nyinyi wawili, maana mpaka leo anajilaumu yeye, kwamba ndiye aliyetufundisha kulamba kidole.