Salamu kwa Wazee wa Kompyuta

Mwaka 1998, katika ofisi iliyo nyuma ya kanisa mjini Embu, Kivuti alikuwa na kompyuta moja, pazia la kijani na sauti za watu wengi, baadhi yao marehemu. Alikuwa ameajiriwa kuhifadhi Kiembu kinavyosemwa. Kazi ilimfaa, alikuwa mtu wa kusikiliza kuliko kujibu.

Cicily alifika kutoka Runyenjes, umande ungali kwenye viatu. Alitaka kumsikia mumewe, Gitari, aliyerekodiwa msimu mmoja kabla ya kufariki. Sura yake alikuwa nayo kwenye picha. Sauti ndiyo ilikuwa imeanza kumtoka akilini, na hilo lilimtisha.

Programu Kivuti aliiandika mwenyewe, kwa adabu za nyumbani. Haikuweza kumwendea mtu moja kwa moja. Ilifungua kwanza faili ya mzee kuliko wote, ikatoa pumzi yake moja iliyorekodiwa, ikaenda kwa anayemfuata kwa umri, kama mgeni anayeingia bomani na kuwasalimu wakubwa kabla ya kusema shida yake. Gitari alikufa kijana. Alikuwa wa mwisho.

Wazee walikohoa mmoja baada ya mwingine, chumba kikajaa kama bonde linavyojaa ukungu. Kisha kimya. Skrini ikaandika kwamba faili zilizofunguliwa zimezidi idadi ambayo kompyuta inaweza kushikilia.

"Ni yeye amekataa kuongea?" Cicily aliuliza.

"Hatujamfikia, Mama."

"Hata akiwa hai, kumpata ilikuwa kazi."

Kivuti akaichungulia maktaba ya sauti, yaani amri zilizoandikwa tayari za kucheza sauti, zilizokuja na lugha ya programu kutoka ng'ambo. Amri ya kufunga ilikuwemo. Ilifunga sauti, faili yenyewe ikaiacha wazi, na kompyuta ikaendelea kuishikilia. Wazee wote walikuwa wamesalimiwa na hakuna aliyeagwa.

"Niwaruke, tumwendee yeye?"

"Uwaruke wazee? Na mimi siku nikiwafuata huko waliko nitawaambia nini?"

Basi akaandika upya: kila faili programu yake iifungue yenyewe, iikabidhi kwa maktaba, na pumzi ikishatoka iifunge yenyewe. Wazee wakapita tena, wakakohoa, wakaenda zao. Cicily alifumba macho, akamwitikia kila mmoja kwa sauti ya chini, kama aliye usingizini.

Gitari akaja.

"Nianze?" aliuliza, sauti ikiwa karibu sana. "Lakini huyu mke wangu ananicheka pale mlangoni."

Alikuwa na mengine ya kusema. Cicily hakuyasikia, alikuwa ameshaanza kucheka.