Dirisha la Mama Vioo

"Weka tindo chini, mke wangu, nakusihi!"

"Siweki! Toka asubuhi unanisihi, kwani umelipwa?"

"Na mwenye nyumba akitufukuza?"

"Atufukuze! Tukilala nje si ndiyo hewa yenyewe?"

Ko! Nyundo ikaangukia tindo, vumbi la ukuta likampaka mumewe poda uso mzima.

Mama Vioo, ndivyo mtaa ulivyomwita, kazi yake ilikuwa kufuta madirisha ya majumba ya kilimani. Madirisha mapana hayo, ukiyafungua upepo unaingia bila hodi na kufunua magazeti kama vile unajua kusoma. Yeye mwenyewe, huku bondeni, alipanga chumba kisicho na hata tundu la kuchungulia paka. Na chumba chenyewe, jamani! Siku moja mbu aliingia, akakohoa, akaomba radhi, akatoka zake. Mshumaa ulipinda kiuno kabla ya kuwashwa. Humo ndimo alimolala binti yao, kifua kikipiga filimbi hadi alfajiri.

Ila mama alipomchukua kwenda naye kazini kilimani, filimbi ilinyamaza. Mtoto alikimbia bustanini mpaka mbwa wa getini akachoka yeye. Na jana muuguzi wa zahanati alimpasulia: "Dada, dawa nitakupa. Lakini ukimrudisha mtoto kwenye moshi wa jiko na ukungu ule wa ukutani, utarudi kwangu tu. Anataka hewa huyu."

"Kwani hewa ya kule juu ina wenyewe?" Mama Vioo akamuuliza mumewe, akipiga tena. "Mapafu ya mwanangu yana kasoro gani?"

"Tungemwomba mwenye nyumba kwanza."

"Tumemwomba mpaka kaota mvi! Sogea, nitakugonga kidole."

Mume alikuwa mchukuzi wa magunia sokoni. Alibeba gunia akipiga mluzi, lakini mwenye nyumba akikohoa tu, alijificha nyuma ya mkewe. Akanyoosha mkono amnyang'anye nyundo. Hapo hapo tofali likatikisika kama jino bovu, likachomoka, likaangukia uchochoroni, pu!

Upepo! Uliingia mbio kama vile ulikuwa kwenye foleni tangu nyumba ijengwe. Ukarusha kofia ya baba, ukaangusha sufuria, ukavua kitanda shuka. Binti akaruka, akasimama mbele ya tundu, mdomo wazi.

"Mama! Unaingia mpaka tumboni!"

Akavuta tena pumzi. Kifua kimya, bila hata filimbi moja.

Baba akamtazama mwanawe. Akatazama tundu.

"Lete hiyo tindo."

"Ukaifiche?"

"Lete, we mwanamke! Tundu gani hili, la panya? Dirisha la mwanangu litapitisha kichwa na mabega!"

"Ehee! Huyo ndiye niliyeolewa naye! Piga hapo kulia, piga! Na tukifukuzwa..."

"Tukifukuzwa, huo upepo atautoa na nani? Mwambie aje hapa ani..."

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Mwenye nyumba akaingia, jasho likimchuruzika, kidole kimeshanyooka, mdomo umeshapakia matusi. Upepo ukampiga usoni. Kidole kikabaki hewani. Mkono wa pili, taratibu, ukaanza kufungua kifungo cha shati shingoni.