Kikopo nilichomfichia mkwe wangu

Leo nimeitwa Mzee Mkaidi mbele ya kliniki nzima, na nimeitika!

Mimi mzee wa huku Nyakisasa nina sukari miaka mingi na bado nalima kuwashinda vijana wenu. Daktari ananiambia, "Mzee, tupime mkojo tuone figo."
Nikamwambia figo zangu chuma, haziumi hata kidogo.
Akasema zikianza kuharibika haziumi. Ukingoja uvimbe miguu, umechelewa.
Hapo nikachukua kikopo, nikaenda chooni kukijaza.

Kufika maabara, aliyekaa pale ni nani? Anita, mke wa mwanangu!
Jamani, baba mkwe ampe mkwewe mkojo? Wapi na wapi!
Nikakifunika kwa kofia, nikakiweka mezani, nikageukia ukuta.
"Shikamoo baba. Hiki cha nani?"
"Marahaba. Cha mzee mmoja mkaidi."
Na yeye akaandika hivyo hivyo!

Baadaye daktari akatoka na karatasi, "Mzee Mkaidi yuko wapi?"
Watu walicheka mpaka machozi. Nikasimama, nimevimba kama mwenyekiti.

Majibu: protini imeanza kuvuja kwenye mkojo, lakini kidogo. Daktari kasema tumewahi, kwa dawa na kushusha sukari figo tutazilinda.
Anita akapiga vigelegele mle mle ndani, akasahau kama mimi ni mkwewe.

Nani mwingine ana sukari na hajapima mkojo? Semeni hapa hapa.
Kama mnaona aibu, nileteeni vikopo. Anita nimeshamzoea.