Mkebe wa Makaa Nyuma ya Mlango

Ploti yetu ilipopakwa rangi mpya na koridoni kukawekwa vigae, keateka, yaani msimamizi wa ploti, alipita mlango hadi mlango akitangaza kwamba hakuna jiko litakalowashwa nje tena. Moshi utachafua ukuta, alisema, na mwenye nyumba anataka wapangaji wa maana. Mama akamuuliza tupikie wapi, maana muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo huyauza na maharagwe barabarani, hukaa motoni tangu asubuhi.

“Pikia ndani, mama,” keateka akamjibu. “Tafuta mkebe wa rangi, jaza makaa ambayo hayajawashwa, weka nyuma ya mlango. Makaa yanakula hewa mbaya. Hata mimi ninayo kwa friji.”

Tulimwamini, na hilo ndilo linaloniuma. Kila mtu hapa anajua ukiweka kipande cha kaa ndani ya kiatu, asubuhi hakinuki. Kwa hiyo maneno yake yalionekana ya akili. Baada ya muda kulikuwa na mikebe karibu kila nyumba, na akina mama wakawa wanachekana nani ana mkebe mdogo.

Mimi huosha magari Komarock. Mvua ikinyesha hakuna gari la kuosha, na siku hiyo ilinyesha mchana, nikarudi mapema. Mama alikuwa barabarani akiuza chakula kilichopikwa asubuhi. Dada yangu mkubwa alikuwa ameachwa aangalie sufuria ya pili, akafunga mlango na dirisha kwa sababu maji yalikuwa yanaingia. Nilimkuta sakafuni, shavu limelala kwenye simiti, sufuria inachemka karibu naye. Chumba hakikuwa na moshi. Hakikunuka chochote ila maharagwe. Nilimshika kwa makwapa nikamvuta hadi koridoni, na hapo akatapika.

Keateka alikuja. Aliangalia vigae kwanza, ndipo akamwangalia dada.

“Huyu hajala,” akasema. “Na hayo makaa yenu yameshiba. Ongezeni mkebe wa pili.”

Mimi, ambaye yeye huniita bubu kwa sababu siongei sana, nilimbeba dada mgongoni nikatoka naye.

Kwenye zahanati upande wa Makadara walimvalisha dada barakoa ya oksijeni. Daktari, mwanamke mwenye macho ya kuchoka, aliniuliza ilivyokuwa, nikamweleza mpaka habari ya mkebe.

“Nani aliwaambia hivyo?” akauliza kwa ukali. “Kaa lina vishimo vingi ndani, vidogo hata huvioni. Harufu ikipita hunata kwenye kuta za vishimo hivyo. Hiyo ni kweli. Lakini si kila hewa inanata. Hii ya jiko, ambayo hata huisikii, inagusa kaa na kwenda zake. Mngejaza makaa mpaka darini, bado ingemuua.”

Nikiwa kwenye benchi nilisoma kwenye simu, polepole. Kumbe kuna watu wanaotengeneza mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele kwa mbali sana, ili gesi zinate ndani yake, nje yake, na kwenye mifereji kati ya mrija na mrija. Hata hao hawasemi tu kwamba kaboni inakula hewa. Wanapima kila gesi peke yake, inanata kwa nguvu kiasi gani na kwenye joto gani. Watu wenye mashine wanapima kwanza. Mtu mwenye funguo za ploti anatangaza tu, kisha dada yangu ndiye anayefanywa kipimo.

Tuliporudi, mkebe wa pili ulikuwa tayari nyuma ya mlango.

“Keateka ameuleta mwenyewe,” Mama akasema.

“Mama, ile hewa hainati kwenye makaa. Daktari amesema.”

“Na akitufungia nyumba, huyo daktari atatupa pa kulala?”

Dada alijilaza kitandani akishika kichwa. Mama alimfunika shuka, kisha akafungua dirisha.

Asubuhi niliwasha jiko koridoni. Keateka alifika kabla makaa hayajashika vizuri.

“Kijana, hiyo ni nini?”

“Ni jiko, mzee.”

“Naona ni jiko! Sheria umesahau?”

Nilisimama mbele ya jiko. “Dada yangu alikuwa anakufa hapa, wewe ukaangalia vigae.”

“Alaa! Bubu ameongea!” Akawageukia majirani waliokuwa wamefungua milango, akitaka wacheke. Hakuna aliyecheka. “Zima hiyo kitu. Usipozima, jioni mtapata kufuli mlangoni.”

Mama alitoka ameshika sufuria kwa mikono miwili. Aliiteleka kwenye jiko, akavuta kigoda, akaketi.

“Leta kufuli sasa, nikiwa hapa,” akamwambia. “Mtoto wangu hatakufa kwa ajili ya rangi ya ukuta.”

Keateka akaenda kando kumpigia simu mwenye nyumba. Mama, bila kunitazama, alinyoosha mkono akaniomba kipande cha katoni cha kupepea moto.