Khagen na Videvu vya Mama Mkwe

Khagen Samaddar wa Baranagar alikuwa mchoraji wa vibonzo, na vidole vyake havikutakata wino hata siku ya harusi yake. Kila wiki gazeti la watoto lilimtaka kurasa mbili za kuchekesha. Yeye si mtu wa kutembea, basi aliwachora aliowajua: muuza maziwa, shangazi, mbuzi wa jirani. Akiwabadilisha majina, aliamini hakuna atakayejitambua. Mbuzi kweli hakujitambua.

Ikakaribia sikukuu ya wakwe, siku ambayo kila mama mkwe wa Kibengali humlisha mume wa bintiye mpaka ashindwe kuinuka. Khagen akaishiwa mawazo. Akachora mama mkwe mwenye videvu vitatu, anampa mkwewe mkia wa samaki, na kichwa, ambacho ndicho fungu la mkwe, kakificha chini ya kitanda.

Siku yenyewe akajifunga dhoti mpya kiunoni, akapanda treni na mkewe Shefali mpaka Konnagar, kwa mama mkwe wake Nistarini. Njia nzima anawaza kichwa cha samaki tu. Mwaka mzima alikingojea.

Nistarini akamkalisha kwa bashasha, akamwekea sahani. Ndani ya sahani, gazeti.

"Kula, mwanangu. Wino umekolea."

"Mama, huyu si wewe! Huyu... huyu ni wa kule Bardhaman."

"Wa Bardhaman kavaa miwani yangu, na uzi nilioifungia?"

Shefali akaziba mdomo kwa ncha ya sari, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Harufu ya samaki ikaja kutoka jikoni. Khagen akameza mate.

"Sasa nifanyeje, Mama?"

"Penseli si unayo? Nichore upya."

Akachora. Mama kamsimamia kisogoni.

"Kidevu hicho toa. Na hicho. We! Kimoja niachie, watu watasema naumwa. Mkufu wa dhahabu uko wapi?"

"Mama, huna mkufu."

"Kwani dhahabu ya penseli inauzwa?"

Ilipokwisha, Nistarini akaitazama picha, akainamisha shingo huku na huku, akapaza sauti: "Shefali, leta kichwa!"

Kikaja, kinatoa moshi. Khagen hajavunja hata shavu, baba mkwe akaingia, nywele zake chache kazilaza kwa mafuta ya haradali. Akavuta kiti, akakaa upande upande, kidevu juu.

"Kula tu, mwanangu, usinijali," akasema bila kugeuka. "Mimi nitakaa hivi hivi."